Japani na watoto watatu na mama mkwe: tiketi, treni, chakula na manunuzi

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam na tuna watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 4. Tumejichanga muda mrefu ili mwakani twende Japani kwa siku kumi na mbili, pamoja na mama mkwe wangu. Ana miaka 67, ana kisukari, na magoti yanamsumbua. Sisi ni Waislamu. Nimeandika miji saba ya kutembelea. Naomba uniongoze kuanzia tiketi mpaka manunuzi, na uniambie kama ile pasi ya treni inayosifiwa sana inatufaa."

Dada yangu, hongereni kwa kumchukua mama. Nianze na hiyo orodha ya miji saba: ikate. Kila mnapohama mji mnapoteza karibu siku nzima. Hoteli za Japani zinataka mtoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na chumba cha mji wa pili hampewi mpaka saa tisa alasiri. Katikati hapo mnazunguka na mtoto wa miaka minne mwenye usingizi na mama anayetafuta pa kukaa. Mukihama mara sita, likizo yote imeishia kwenye stesheni. Mimi ningelala Tokyo siku tano, Kyoto nne, na usiku wa mwisho Osaka, karibu na uwanja wa ndege. Miji mingine mtaiona kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na asiyejisikia kwenda atabaki kupumzika.

Tarehe ndizo zitakazoamua bei na afya zenu. Likizo ndefu za shule zetu ni Juni na Desemba. Juni ndio mwezi mvua za tsuyu zinapoingia Tokyo na Kyoto, zinaendelea mpaka katikati ya Julai, kisha linafuata joto la fukuto linalowaelemea hata wenyeji. Chagueni Desemba, muondoke mara shule zikifungwa na muwe mmerudi kabla ya tarehe 27. Kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari Wajapani wanarudi makwao kwa mwaka mpya. Treni zinafurika, vyumba vinapanda bei, na maduka na makumbusho mengi yanafunga. Mwanzoni mwa Desemba anga ni safi, mlima Fuji unaonekana vizuri kuliko majira ya joto, na Kyoto unaweza kukuta majani mekundu ya mwisho kwenye miti. Baridi ipo, mchana nyuzi kama 12 Tokyo na usiku 4 au 5. Usiku ni kama baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Kila mtu abebe sweta na jaketi moja. Nguo za ndani za joto nunueni siku ya kwanza kwenye duka la nguo la Uniqlo, ni nyepesi na bei yake si kubwa. Kumbukeni pia kwamba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mambo ya nje yote yafanyike asubuhi.

Watanzania tunahitaji viza, na inaombwa Ubalozi wa Japani hapo hapo Dar. Viza ya kuingia mara moja inadumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo kwa safari ya Desemba peleka maombi Oktoba. Wanataka kuona ratiba ya siku kwa siku yenye majina ya hoteli, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au karatasi za biashara, na nafasi mliyoshikilia ya ndege. Kiini cha maombi ya familia ni vyeti. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA vifanane herufi kwa herufi na pasipoti. Cheti cha ndoa kiwepo. Na kwa mama, cheti cha kuzaliwa cha mume wako chenye jina la mama yake, maana ndicho kinachoonyesha kwamba huyu mnayemlipia safari ni mzazi. Familia nyingi zinasahau hicho cha mwisho. Tiketi ilipieni viza ikishatoka.

Ndege ya moja kwa moja hakuna. Mtapita Dubai kwa Emirates, Doha kwa Qatar, au Addis Ababa kwa Ethiopian, ambayo hutua Seoul kabla ya Narita, mmoja wa viwanja viwili vya ndege vya Tokyo. Kwenu ningechagua Dubai au Doha kwa sababu mashirika hayo mawili yanatua Tokyo na Osaka pia, na chakula chao ni halali bila kuagiza. Nunueni tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka. Mara nyingi bei haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja, na inawaokoa safari ya treni ya kurudi Tokyo pamoja na siku nzima. Mkipata inayotua Haneda badala ya Narita, ichukueni: Haneda iko ndani ya jiji, Narita iko kama kilomita 60 nje. Wakati wa kukata tiketi ombeni kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Ni bure, na kwenye viwanja vikubwa kama Dubai kinamwokoa mwendo mrefu sana.

Dawa za mama zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Japani inaruhusu dawa za hospitali za matumizi ya hadi mwezi mmoja bila kibali. Msibebe dawa za mafua zenye pseudoefedrini wala za kikohozi zenye kodeini bila kuulizia kwanza, kwa sababu sheria yao ni kali na afisa wa forodha hana nafasi ya kuwahurumia. Nyama kavu na soseji zibaki nyumbani, pamoja na maembe.

Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, na hapo kuna urahisi ambao watu wa Afrika Mashariki pekee ndio wataufurahia. Namba inayosomeka kwenye saa ya ukutani ya Tokyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. Ikisoma 1 mchana kule, Dar ni saa moja asubuhi. Ikisoma 9 usiku, Dar ni saa tisa alasiri. Mfundishe huyo wa miaka tisa, atakuwa mtunza saa wa familia akitaka kumpigia babu au shangazi.

Sasa pasi ya treni. Mpaka Septemba 2023 pasi ya siku saba ya JR, yaani reli za Japani, ilikuwa yeni 29,650 na ilikuwa na faida. Oktoba mwaka huo ikapanda hadi 50,000, na ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni uliandikwa kabla ya hapo. Piga hesabu yenu. Treni ya mwendo kasi, shinkansen, kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, aliye chini ya 6 hupanda bure mkimpakata, na wa miaka 13 anahesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo ninyi ni watu wazima wanne na nusu tiketi moja: kama yeni 63,000 kwenda Kyoto, na hamrudi tena Tokyo. Pasi kwa bei hiyo ya 50,000 zingekuwa 225,000. Kyoto hadi Osaka ni nusu saa kwa treni ya kawaida, chini ya yeni 600 kwa mtu. Achaneni na pasi. Ndani ya miji tumieni kadi za kugusisha, Suica au Pasmo kwa Tokyo. Za watoto za nusu nauli zinatolewa stesheni ukionyesha pasipoti ya mtoto.

Sehemu ya fedha mliyookoa itumieni kwa jambo moja litakalobadilisha safari yenu nzima, nalo ni kutuma mabegi. Huduma hii inaitwa takkyubin, na kampuni kubwa ni Yamato, yenye alama ya paka mweusi aliyebeba mtoto wake mdomoni. Asubuhi mnaacha mabegi mapokezi ya hoteli ya Tokyo, mnajaza fomu, na kesho yake yanawasubiri Kyoto. Mnabaki na vibegi vya usiku mmoja, mama anatembea mikono mitupu, na mkono wako uko huru kumshika mdogo. Ndani ya shinkansen begi ambalo urefu, upana na kina vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kuwekewa nafasi yake mapema, kwa hiyo bado ni afadhali yatumwe. Viti ombeni vya upande wa kulia mkitoka Tokyo, herufi D na E. Baada ya kama dakika arobaini, siku isiyo na mawingu, Fuji inasimama dirishani yote, kutoka misitu ya chini mpaka theluji ya kileleni.

Njiani iko Nagoya, na hapo naomba mshuke kwa saa chache, au angalau mume wako na mkubwa washuke. Watoto wako wanaijua ile sauti ya mwanamke inayoongea Kijapani kila gari likiwashwa. Inasema kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kulipia. Nusu ya magari ya mtaani kwenu yameanza maisha huku. Hatua chache kutoka stesheni ya Sako, kituo kimoja tu kutoka Nagoya, lipo jumba la makumbusho la viwanda na teknolojia la Toyota, ndani ya majengo ya matofali mekundu ya kiwanda cha zamani cha nguo. Ukiingia hukuti gari, unakuta uzi. Toyoda Sakichi alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufuma. Mtambo wake wa mwaka 1924 ulijibadilishia wenyewe kipisi cha uzi bila kusimama, na uzi ukikatika ulijizima ili kitambaa kisiharibike. Wafanyakazi wanauwasha mbele yenu na mnauona ukifanya hivyo. Mwaka 1929 hati miliki yake iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, mwanawe Kiichiro akageukia magari, na 1937 Toyota Motor ikazaliwa. Ukumbi wa pili ni wa magari, mashine zikikunja bati na roboti zikichomelea. Mtoto aliyekulia kati ya Noah na IST anatoka hapo ameelewa kwamba vitu hivi vilianza kwa mtu aliyekasirishwa na uzi kukatika. Jumatatu wanafunga.

Tokyo nisiwachoshe: asubuhi moja Asakusa kwenye hekalu la Senso-ji, siku moja Disney kwa ajili ya watoto, jioni moja Shibuya kuangalia umati ukivuka barabara, na bustani ya Ueno. Kyoto fikeni kwenye hekalu la Fushimi Inari mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, kabla ya makundi. Malango mekundu yanapanda mlima mzima, lakini mama anaweza kuona mengi yaliyo chini na kukaa. Hekalu la Kiyomizu-dera lina mteremko mrefu, mpandisheni kwa teksi mpaka itakapoishia. Teksi inabeba abiria wanne, kwa hiyo mtachukua mbili. Mlango wa nyuma dereva anaufungua na kuufunga mwenyewe, msiuvute. Mji wa Nara ni chini ya saa moja kutoka Kyoto, na paa zaidi ya elfu moja wanazurura bustanini. Biskuti za kuwalisha zinauzwa pale pale, ila mdogo asizishike yeye, wanang'ata wakizikimbilia. Hiroshima inafaa kwa mume wako na wa miaka 13, wakitoka Kyoto alfajiri na kurudi usiku. Bomu lilidondoshwa tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi, na makumbusho yana picha na nguo za watoto ambazo wa miaka minne hapaswi kuziona. Osaka wapelekeni wote Kaiyukan, jumba la samaki hai, kumwona papa potwe. Waliowahi kwenda Mafia watamtambua.

Malazi: vyumba vya hoteli za kawaida ni vidogo, na watu sita hamtaenea. Tafuteni hoteli za vyumba vya familia vyenye jiko, kama MIMARU, zilizopo Tokyo, Kyoto na Osaka. Nyumba ya wageni ya asili, ryokan, yenye mikeka ya tatami na magodoro ya kutandika chini, watoto wataipenda sana. Kwa magoti ya mama, ombeni chumba chenye vitanda, la sivyo kila kuinuka kutamuumiza. Bafu za maji ya moto huko huogwa uchi, wanaume mbali na wanawake mbali. Ukitaka sitara, uliza kama wana bafu la kukodi kwa familia, kashikiri, ambalo mnajifungia wenyewe.

Chakula ndicho kitakachokupa kazi kuliko vyote, na ndiyo maana nimesisitiza jiko. Japani ni nchi ya samaki, na mtu wa pwani hujipa moyo kwamba samaki ni halali. Tatizo liko kwenye mchuzi. Mirin, divai tamu ya mchele, huingia kwenye sosi nyingi za kuchomea. Mchuzi wa tambi za ramen mara nyingi ni mifupa ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe hukaangia vitu usivyodhani, na jelatini iko kwenye peremende na baadhi ya mtindi. Jifunzeni neno buta, ni nguruwe, na simu iwe na programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera. Asakusa kuna migahawa kadhaa ya halali, hata ya ramen. Shin-Okubo, mtaa mwingine wa Tokyo, kuna kichochoro cha maduka ya Waislamu, mtapata nyama ya mbuzi, mchele wa basmati na viungo vyote vya pilau. Msikiti wa Tokyo Camii, ulio karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara na uliojengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki, una duka la halali na unapokea wageni vizuri. Mnaweza kupanga Ijumaa yenu hapo. Mkitoka Osaka mna nafasi ya kufika msikiti wa Kobe wa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani. Kwa njaa za barabarani, mayai ya kuchemsha, matunda na viazi vitamu vya kuchoma vinapatikana kwenye maduka madogo yanayokesha. Mashine za vinywaji barabarani zinatoa chai ya kopo ya moto wakati wa baridi. Alama nyekundu ni moto, ya bluu ni baridi. Ya kijani isiyo na sukari inamfaa mama, na kopo lenyewe linampasha mikono.

Adabu zao nyingi mnazo tayari. Viatu vinavuliwa mlangoni, kitu hupokelewa kwa mikono miwili, mkubwa hupishwa kiti. Ya kuwafundisha watoto ni machache. Ndani ya treni watu hunong'ona na simu haipokelewi. Taka zako unarudi nazo hotelini kwa sababu mapipa barabarani ni nadra. Vijiti vya kulia havichomekwi wima kwenye bakuli la wali, maana hivyo ndivyo wanavyomwekea maiti. Bakshishi haitolewi, na ukiacha fedha mezani mhudumu atakukimbilia kukurudishia. Vyoo vingi vina kitufe cha maji ya kuchambia, ya uvuguvugu, na kwa hilo mama hatapata shida niliyoiona wazee wakiipata Ulaya.

Fedha: shilingi haibadilishwi kule, msiitegemee. Bebeni dola kiasi na kadi za benki mbili tofauti, mkiwa mmeiarifu benki. Mashine za ndani ya maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje saa zote. Bakini na fedha taslimu, mahekalu na migahawa midogo mingi hawachukui kadi.

Kwenye manunuzi ndiko naona watu wetu wakipoteza fedha, kwa kununua vitu vya umeme bila kusoma lebo. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu 230. Ile sufuria ya umeme ya kupikia wali, nzuri na ya bei ya kushawishi, ukiichomeka Dar inaungua siku ya kwanza. Geuza boksi usome: ikiwa imeandikwa 100V peke yake, iache. Maduka makubwa ya umeme ya Akihabara, mtaa wa Tokyo, yana sehemu ya bidhaa za kwenda nje, zenye volti 220 hadi 240. Hizo ndizo zenu. Chaja za simu na kompyuta mpakato huwa zinaandika 100–240V, hazina shida, ila mtahitaji adapta ya pini mbili bapa kwa kuchaji mkiwa huko. Simu za iPhone zilizouzwa Japani hulia ukipiga picha, na ukiwa huko mlio huo hauzimiki kwa mpangilio wa kawaida. Kamera nyingi zinazouzwa kwa soko la ndani zina lugha ya Kijapani tu. Ulizeni kabla ya kulipa.

Vinavyofaa ni vile vidogo na imara. Mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa, ni wa vyombo vya jikoni: visu, mabakuli, na vile vyakula vya plastiki vinavyowekwa madirishani mwa migahawa. Kisu kizuri cha hapo kitakaa jikoni kwako miaka mingi, na muuzaji atakuonyesha jinsi ya kukinoa. Zawadi za shangazi na majirani nunueni kwenye maduka ya Daiso, vitu vingi yeni 110 pamoja na kodi. Tarehe 21 ya kila mwezi kuna mnada mkubwa wa mitumba kwenye hekalu la Toji, Kyoto, ambapo kimono za hariri zilizovaliwa zinauzwa kwa bei ya khanga chache nzuri. Ule wa Desemba ni mkubwa kuliko miezi yote. Kama tarehe zenu zinaruhusu kuwa Kyoto siku hiyo, zipangeni hivyo.

Kodi ya mauzo ni asilimia 10, na mgeni anasamehewa akinunua kuanzia yeni 5,000 duka moja siku moja, akiwa na pasipoti yenyewe mkononi, nakala haikubaliki. Zamani ulikatiwa kodi pale pale dukani. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu ni kulipa bei kamili kwanza, kisha kodi inarudishwa baada ya forodha ya uwanja wa ndege kuthibitisha kwamba unatoka na mali hiyo. Kwa hiyo siku ya kuondoka Osaka fikeni uwanjani saa moja kabla ya muda mliozoea. Vitu vya kodi viwekeni juu kabisa ndani ya begi, mpite forodha kabla ya kukabidhi mizigo, na visu vyote viwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.